Kabla Sijatuma

Gathogo wa chapa, ghorofa ya pili, Dubois,
alinionya kwa simu: "Isizidi megabaiti ishirini na tano.
Ikizidi hainifikii, na kesho saa nne nawasha mashine."
Nikasema sawa,
kama asemavyo sawa mtu ambaye akili ameiacha mochari.

Nikaambatisha kila kitu. Nikatuma. Sikupima.
Saa kumi na moja alfajiri nikaikuta barua imenirudia,
imejaa maneno ya mashine, yasiyo pole wala samahani,
na nambari moja tu iliyonishika shati:
arobaini na tatu.

Arobaini na tatu.
Ndizo kilo alizokuwa nazo Mama wiki ya mwisho.
Muuguzi alizisoma kwa sauti, mimi nikaziandika kiganjani,
nikashinda siku nzima bila kunawa mkono ule.

Huku Jamhuri ndugu wamelala sebuleni
kwenye magodoro ya kuazima,
na mimi niko jikoni na laptopu ya Mwadime,
nafungua faili moja moja, napima.

Harusi ya Wundanyi, aliyoiskani binamu kwa fahari zake: tisa na nusu.
Tisa na nusu! Na bibi harusi mwenyewe mwembamba kama ufito.
Mwadime na joho la kuhitimu: sita.
Wajukuu mbele ya keki, mmoja kafumba macho: saba na nusu.
Shangazi Mkawasi na chama chake, akina mama kumi na wanne
walioapa wasipotokea kitabuni hawatoi hata sufuria: nane.
Nyimbo za ibada, ambazo kila mtu anazijua kwa moyo,
kurasa zilizopigwa picha na kivuli cha kidole juu yake: kumi na mbili.

Na wasifu wenyewe,
miaka sabini na mmoja,
kuzaliwa, kubatizwa, kuajiriwa, kuzaa, kustaafu, kuugua:
kilobaiti ishirini na nane.
Hata mizani haikutikisika.

Kuajiriwa, nimeandika. Mstari mmoja.
Sikuandika kaunta ya tatu, posta ya Ngara,
wala ile mizani yenye sahani ya bati
aliyoipangusa kila asubuhi kwa upindo wa leso.
Mtu anakuja na kifurushi cha mwanawe aliye bweni,
sweta, njugu, sabuni za mche,
anasihi: "Mama Wakesho, ni gramu chache tu zimezidi."
Naye, bila kuinua macho:
"Fungua. Toa kimoja. Pima kwanza, stempu baadaye."
Nikiwa mtoto niliona haya kwa ajili yake,
watu wazima wakifungua kamba zao mbele ya foleni,
wakichagua kati ya njugu na sabuni.

Haya, Mama. Nimefungua.

Nimetoa nyimbo. Tutaimba bila karatasi.
Imebaki thelathini na moja.
Nikajaribu kuibana ile ya Wundanyi:
uso wako ukageuka vijiraba,
ushanga ukapotea shingoni,
tabasamu likawa doa.
Nikairudisha haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto.
Hiyo ipite na uzito wake wote.

Chama ndicho nilichokibana.
Kutoka nane hadi moja.
Ishirini na nne. Nikajumlisha tena, kwa sauti,
kidole juu ya kioo: ishirini na nne.
Ndipo nikabonyeza.

Kumepambazuka nje, muuza maziwa anapiga honi getini.
Gathogo amejibu neno moja: "Imefika."
Shangazi Mkawasi amesimama mlangoni na shuka mabegani.
"Tumo?"
"Mmo."
"Wote kumi na wanne?"
"Wote, Shangazi. Mmebanana kidogo."